Kujitolea ni kwa wenye nacho tu? Nimetoka Mang'ula

Nimekuwa kimya kwa muda, wadau, mniwie radhi. Wapo waliodhani nimeacha kuandika, na yupo mmoja aliyeeneza habari kwamba nimeoa. Hakuna hata kimoja. Nilikuwa Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa, kwa siku kumi na moja, nikitembea na buti za kuazima zilizonizidi namba moja. Vidole viwili vya mguu wangu wa kulia hadi leo havina kucha. Lakini sikuja hapa kulilia kucha. Nimekuja na jambo linalonisumbua tangu nipande basi la kurudi Dar, na nikilinyamazia nitakuwa sijawatendea haki watu walionipa ugali na maharage kwa siku zote hizo.

Kwa wasiopajua: ukitoka Mikumi ukashika njia ya Kidatu kuelekea Ifakara, mkono wako wa kulia unasimama ukuta wa kijani, na mkono wako wa kushoto kuna miwa na mpunga hadi macho yachoke. Ukuta ule ndio Udzungwa. Hifadhi ya taifa imekuwepo tangu 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na inapanda kutoka mita 250 juu ya usawa wa bahari hadi mita 2,576 kwenye kilele cha Luhombero. Msitu wa Mwanihana, ule unaouona ukiwa barabarani, unaanzia karibu kabisa na mashamba ya watu na kupanda moja kwa moja hadi kwenye ukungu. Unasimama sokoni unanunua nyanya, unainua macho, unamwona mbega. Sijui sehemu nyingine ya nchi hii ambapo msitu na gulio vimekaa jirani namna hiyo.

Pale Mang'ula kipo kituo cha utafiti wa ikolojia kilichoanzishwa mwaka 2006 kwa ushirikiano wa TANAPA na jumba la makumbusho ya sayansi la Trento, Italia. Watafiti na wanafunzi wa ndani na wa nje hufikia hapo, hulala hapo, hupanga safari zao za mlimani hapo. Nasema mapema ili nisieleweke vibaya: kituo chenyewe sina ugomvi nacho. Vingekuwepo ishirini vya namna hiyo nchi hii ningefurahi. Ugomvi wangu uko kwingine, na sehemu ya ugomvi huo ni na mimi mwenyewe.

Nilikwenda kwa sababu ya binti mmoja, mtoto wa mama mdogo wangu, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa usimamizi wa wanyamapori. Chuo chake sitakitaja, na jina lake ameniomba nisiliandike, kwa hiyo tumwite Dada Mdogo kama tunavyomwita nyumbani. Alinipigia simu akaniambia, "Kaka, wewe si mwandishi? Njoo uone kazi inavyofanyika, uache kuandika habari za warembo." Maneno makali, lakini kweli tupu. Nikaomba likizo.

Kazi yake ilikuwa ya kumtafuta minde. Wengi wetu tuliokulia mjini hatujawahi hata kulisikia jina hilo, nami nilikuwa mmojawapo. Minde ni mnyama wa jamii ya funo, mwenye kishungi chekundu utosini, hutembea zaidi usiku, na hapatikani nchi nyingine yoyote duniani isipokuwa Tanzania, tena kwenye milima michache tu: Kilimanjaro, Udzungwa, Uluguru, Rubeho, Rungwe na jirani zake. Twiga yupo kwenye nembo ya kila kampuni na faru tunaye kwenye noti, lakini mnyama ambaye ni wetu peke yetu hatumjui hata kwa sura.

Minde humwoni kwa macho. Unafunga kamera kwenye shina la mti, kwa usawa wa goti hivi, karibu na njia za wanyama, halafu unaondoka. Chochote chenye joto kikipita mbele yake kinajipiga picha chenyewe. Utafiti mkubwa wa namna hii umekuwa ukifanyika Udzungwa tangu 2009, vituo 60 vya kamera, kila kimoja kwa siku 30 wakati wa kiangazi. Dada Mdogo alikuwa na kamera zake chache tu, za kuazimwa na mwalimu wake, na alitakiwa kuzipandisha, kuzihamisha na kuzishusha kwa miezi miwili. Kukariri kazi hiyo kwa mdomo ni rahisi. Kupanda mlima saa tano mfululizo, umebeba betri, chumvi, unga, turubai na maji, huku askari wa hifadhi mwenye bunduki yuko mbele anasikilizia tembo na nyati, hiyo ni hadithi nyingine. Siku ya pili tulikanyaga siafu. Sitasimulia nilivua nini mbele ya watu.

Asubuhi ambazo hatukupanda kwenye kamera tulifuatana na watu wa kuhesabu kima. Wanakwenda kwenye njia iliyopimwa, kilomita nne, wanaanza asubuhi na mapema, na wanatembea kwa mwendo wa kilomita moja kwa saa. Hebu jaribu kutembea kilomita moja kwa saa nzima! Mguu unataka kwenda, moyo unataka kwenda, lakini unatakiwa usimame, usikilize, uangalie juu, upige hatua tano, usimame tena. Ukiliona kundi unaandika saa, aina, idadi, umbali. Mbega mwekundu wa Udzungwa, huyo naye hapatikani kwingine. Mbega mweusi mwenye manyoya meupe mabegani. Kima wa kawaida. Na ng'olaga, ambaye Wazungu wanamwita kwa jina la kijiji cha Sanje.

Hapo kwa ng'olaga ndipo hadithi yangu inapoanza hasa.

Mzee aliyekuwa akituongoza, mwenyeji wa pale pale, ana miaka kama sitini na kitu. Miguu yake myembamba kama fimbo, na hakuwahi hata mara moja kuhema. Tulipokaa kula mihogo nikamuuliza, "Mzee, shikamoo tena. Hawa ng'olaga mlikuwa mnawajua zamani?" Akaniangalia kwa huruma, yaani ile huruma ya mtu mzima kwa mtoto wa mjini. "Kijana, wewe baba yako ulimjua lini?"

Kitabuni imeandikwa kwamba ng'olaga aligunduliwa mwaka 1979 na Katherine Homewood na Alan Rodgers. Na ni kweli waliandika wao, na kazi yao ilisaidia mno msitu ule kulindwa, hilo hatuwezi kuwanyang'anya. Lakini ilivyokuwa ni kwamba walisikia mlio wasioufahamu msituni, na mwenyeji aliyekuwa akiwaongoza akawaambia bila hata kushangaa kwamba huyo ni ng'olaga. Alikuwa na jina siku zote.

Ukishaanza kuufuatilia mtindo huu unauona kila mahali. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark wakiwa kambini Udzungwa waliona miguu ya ndege wasiyemjua. Waliiona wapi? Ndani ya sufuria! Ndege alishapikwa. Leo ni kware wa Udzungwa, mwaka 1994 akaandikwa kwenye sayansi kuwa ni ndege wa aina mpya kabisa. Aliyempika hakuwa na habari kwamba anapika ugunduzi. Kipunji naye, yule wa Rungwe na Udzungwa aliyetangazwa 2005 na kuwatikisa wanasayansi duniani, hadi 2006 akapewa jenasi yake peke yake, watafiti walianza kumfuatilia baada ya kusikia habari zake kutoka kwa wawindaji wa Kinyakyusa. Hata jina lake ni la kwao.

Sasa nakiri. Miaka michache iliyopita, nikiwa bado mchanga kwenye chumba cha habari, niliandika habari ya mnyama mwingine wa mlima mwingine, kichwa chake kikianza na maneno "Wazungu wagundua". Aya nane. Nilizinyofoa kwenye taarifa ya vyombo vya habari, sikumpigia simu mtu hata mmoja wa kijiji cha karibu. Mhariri alinipongeza. Kwa hiyo ninapolalamika kwamba wenyeji hawaandikwi, mnajua mmoja wa wasioandika ni nani.

Turudi kwa Dada Mdogo.

Miezi miwili aliyopanga ilikuwa wiki tatu na siku mbili. Hakuugua wala hakuchoka, na huko mlimani alikuwa ananiacha nyuma kila siku. Hela ziliisha. Fedha za mafunzo kwa vitendo alizokuwa akizitegemea zilichelewa, na zilipokuja zilikuwa pungufu, na hapo alikuwa keshakopa kwa mama. Nilikiona kijidaftari chake cha matumizi. Nauli. Unga. Betri, tena zile nzuri, kwa sababu za bei nafuu hufa baada ya siku nne kwenye unyevu wa mlimani na kamera inabaki jicho bila mwanga. Malipo ya wasaidizi wa kubeba mizigo. Dawa ya kupe. Mstari wa mwisho ulisomeka "vocha 1,000, kumwambia mama asitume tena."

Kwenye chumba cha jirani alikuwepo kijana mmoja kutoka Ulaya, umri wake sawa na Dada Mdogo, naye wa shahada ya kwanza. Atakaa miezi sita. Na hapa lazima nisimame niseme ukweli, maana najua wengine mmeshaanza kunoa mapanga: kijana yule ni mtu mzuri. Anaamka kabla ya watu wote. Anasalimia wazee "shikamoo" bila kukumbushwa. Kiswahili chake kimejaa makosa lakini hakioni haya. Aliposikia Dada Mdogo anaondoka alimpa betri zake kumi na mbili, akataka kumlipia chakula cha wiki mbili, na Dada Mdogo akakataa kwa sababu ambazo kila mtu aliyelelewa na mama Mtanzania anazielewa. Kijana hana kosa lolote. Chuo chake kimempa nauli, kimempa bima, kimempa fedha za kujikimu, na kikamwambia: nenda kajifunze, ukirudi tutakusikiliza. Basi.

Sasa piga hesabu. Miezi sita ya data dhidi ya wiki tatu. Yake itakuwa makala katika jarida. Ya Dada Mdogo itakuwa ripoti ya kurasa arobaini, imefungwa kwa plastiki ya bluu, itawekwa juu ya kabati la ofisi ya mwalimu mpaka panya waifanyie utafiti wao. Baada ya miaka mitano kijana atakuwa mtaalamu wa Udzungwa. Atakuja kwenye semina hotelini Dar kutueleza habari za milima yetu, nasi tutakaa viti vya nyuma tukinywa chai ya bure na kunong'ona kwamba hawa watu wanatuibia maarifa. Wametuibia nini? Tulimwachia mlango wazi na sisi wenyewe tulimzuia mtoto wetu asiingie kwa kukosa hela ya unga.

Neno "kujitolea" linanikera siku hizi. Limekuwa zuri mno midomoni. Mashirika yanatangaza nafasi za volontia: upande mmoja kwa vijana wa nje ambao hulipa wenyewe, kwa fedha za kigeni, wapate kukaa wiki mbili karibu na wanyama. Upande mwingine kwa vijana wetu: njoo ujitolee, hakuna posho, hakuna nauli, utapewa cheti. Mtoto wa kigogo wa Masaki anaweza kujitolea mwaka mzima. Mtoto wa muuza samaki wa Ifakara, anayeuona mlima ule kutoka mlangoni kwao kila siku ya Mungu, hawezi hata mwezi, kwa sababu kila siku anayojitolea mlimani ni siku ambayo nyumbani kuna mkono mmoja pungufu. Halafu tunasema vijana wa vijijini hawana mwamko wa uhifadhi.

Niliyasema haya kwa mtafiti mmoja mzee, Mtanzania, mtu ninayemheshimu sana, aliyepita pale usiku mmoja. Akanikatisha. "Mwanangu, ukiweka posho watakuja wanaopenda posho. Mimi nilianza kazi hii sina hata viatu. Wenye wito hubaki." Nilinyamaza kwa heshima, lakini nimeyafikiri maneno yake kwa wiki mbili na sikubaliani nayo. Kwanza, yeye alisoma wakati chuo kilimpa chakula, kitanda na nauli ya kurudi kwao likizo. Hiyo ilikuwa posho, ingawa haikuitwa posho. Pili, tunaye shahidi mkubwa zaidi, na shahidi huyo yupo Kigoma.

Gombe kila mtu anaijua kwa jina la Jane Goodall, aliyefika 1960. Kwa miaka mingi kituo kile kilijaa wanafunzi wa nje. Usiku mmoja wa Mei 1975 watu wenye silaha walitoka upande wa pili wa ziwa, wakawateka wanafunzi wanne, watatu wa chuo cha Stanford cha Marekani na mmoja Mholanzi. Baadaye waliachiwa wote, lakini kituo kikawa si mahali pa wanafunzi wa nje tena. Je, utafiti ulisimama? Haukusimama. Wasaidizi wa Kitanzania, watu wa vijiji vya pale, waliendelea kuwafuata sokwe, kuandika nani kala nini, nani kapigana na nani, nani kazaa. Kama leo utafiti wa Gombe unasifiwa kuwa miongoni mwa tafiti ndefu kuliko zote za wanyama wa porini duniani, mnyororo ule haukukatika kwa sababu yao. Na hata kabla ya hapo, Januari 1974, sokwe wa kundi moja walipomshambulia sokwe aitwaye Godi wa kundi jirani, tukio lililobadilisha kabisa jinsi wanasayansi wanavyowaelewa sokwe, mtu aliyekuwa pale akiona kwa macho yake alikuwa Hilali Matama, msaidizi wa Kitanzania.

Watu wale walikuwa waajiriwa. Walilipwa mshahara. Je, mshahara uliwafanya wasipende kazi? Uliwafanya wabaki! Wito ni kitu kizuri, lakini wito haununui betri.

Najua yupo msomaji atakayeniuliza kama vijana wetu wenyewe wanataka kwenda huko. Swali la haki. Jibu langu ni kwamba wengi hawataki, na hapo hatuna wa kumlaumu isipokuwa sisi. Nimesoma chuo, nawajua. "Field" ya watu wengi niliosoma nao ilifanyika kwenye ofisi yenye kiyoyozi ya mjomba, wiki nane za kutoa fotokopi na kusaini kitabu cha mahudhurio, zingine zimesainiwa kwa siku moja kwa kalamu tatu tofauti ili ionekane ni siku mbalimbali. Msimamizi kutoka chuoni hupita mara moja, anakunywa soda, anaweka alama. Dada Mdogo ananiambia kwenye darasa lao la watu zaidi ya themanini, waliokwenda kulala msituni hawakufika kumi. Na hili ni darasa la wanyamapori! Wengine wanajifunza habari za tembo kwa mwaka wa tatu sasa na hawajawahi kusikia kinyesi cha tembo kinanukaje.

Lakini hata hapo angalia vizuri. Ofisi ya mjomba ni bure. Inaanza saa mbili na nauli ya daladala inajulikana. Msitu unataka buti, hema, betri, bima, mtu wa kukubeba ukivunjika mguu. Ukimwekea mtu njia mbili, moja ya bure na moja ya kumfilisi mama yake, usimcheke akichagua ya kwanza.

Mambo mengine niliyoyaona nayapita haraka. Moja ni kwamba wanakijiji hawajui yanayoandikwa kuhusu mlima wao. Hadi 2011 watu wa vijiji vya pembezoni waliruhusiwa kuingia kuokota kuni zilizokauka, halafu ikapigwa marufuku. Sababu zilikuwepo na za msingi, msitu ulikuwa unaumia. Lakini bibi mmoja aliyekuwa akiuza ndizi karibu na lango aliniambia, bila hasira hata kidogo, kwamba yeye huwaona vijana wenye madaftari wakipanda na kushuka tangu wajukuu zake hawajazaliwa, na hajawahi kuona hata karatasi moja ya Kiswahili inayomwambia walichokiona huko juu. "Labda wanahesabu kuni zangu," akacheka. Nilimuuliza kama angependa kuambiwa. Akasema angependa kujua maji. Mto unaopita nyuma ya nyumba yake unashuka kutoka msituni na mwaka huu umepungua mapema. Maswali ya utafiti ndiyo hayo, jamani, bibi anayo bure, na hakuna anayemfuata.

Jambo la maji si dogo. Mto Kihansi unashuka kutoka milima hiyo hiyo, na tunauvuna umeme wa megawati 180. Pale Kihansi ndipo alipokuwa anaishi yule chura mdogo wa maporomoko, aliyejulikana kwa wanasayansi mwaka 1996 na kufikia 2009 kutangazwa kuwa ametoweka porini. Baadhi walikuwa wamehamishiwa Marekani mwaka 2000, wakazalishwa huko, na mwaka 2010 wakaletwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na hatimaye wakaanza kurudishwa Kihansi 2012. Chura wetu alilazimika kusafiri hadi New York na kurudi. Walioajiriwa kuwalea hapa nyumbani ni Watanzania, na walifundishwa, na walilipwa. Kwa hiyo inawezekana. Tukiamua, inawezekana.

Mnaniuliza nataka nini? Sitaki wageni wafukuzwe. Tayari anayekuja kutafiti lazima apitie COSTECH na TAWIRI, alipe, na awe na mwenzake Mtanzania kwenye mradi. Sawa kabisa. Ninachotaka ni huyo mwenzake asiwe jina la profesa tu kwenye fomu. Awe na mwanafunzi. Kila mradi unaopewa kibali mlimani umbebe mwanafunzi mmoja wa Kitanzania kwa muda ule ule anaokaa mgeni: akikaa miezi sita, na wetu akae miezi sita, kwa chakula kile kile na bima ile ile. Kwa mradi ambao umenunua kamera hamsini, chakula cha kijana mmoja ni fedha ya kupotea mfukoni. Na yule mzee wa miguu kama fimbo, anayejua kwa mlio tu kama ng'olaga amekasirika au ameona chui, jina lake liwe kwenye karatasi, juu, pamoja na wengine, badala ya kuachwa kule mwisho kwenye "tunawashukuru pia wasaidizi wetu."

Na vyuo vyetu vikisema havina fedha, naomba niulize kwa adabu: mahafali huwa yanagharimu kiasi gani? Yale maua, yale mahema meupe, zile fulana?

Siku ya mwisho tulishuka na kamera saba. Tano zilibaki juu, upande wa mbali, kwa sababu kuzifuata kungehitaji kulala siku mbili zaidi na hesabu ya unga haikuruhusu. Tulizifungua zile saba kwenye meza ya kituoni usiku, umeme ukikatika na kurudi. Picha za majani. Picha za majani. Panya buku. Nguchiro. Sange, yule mnyama wa pua ndefu kama mkonga mdogo, aina ya uso wa kijivu iliyotangazwa 2008 na inayopatikana Udzungwa tu. Majani. Mguu wangu mimi, na soksi imetoboka. Halafu, saa nane na dakika kumi na moja usiku, minde. Amesimama upande, mnene, kishungi kimewaka kwa taa ya kamera, anaangalia mahali ambapo sisi tungekuwa tumesimama kama tungekuwepo. Dada Mdogo hakusema kitu. Mzee alisogeza uso karibu na kioo, akacheka kidogo, akasema, "Huyu amenenepa."

Ilikuwa picha moja. Kwa utafiti wa miezi miwili ingekuwa mwanzo. Kwa ripoti ya wiki tatu ni picha ya jalada.

Alipanda basi asubuhi yake. Mzee alimbebea begi hadi kituo cha mabasi, akakataa kupewa chochote, akamwambia asiwe na wasiwasi na zile tano. Ripoti imeshakabidhiwa, na mahafali yao yamepita. Juzi amenitumia ujumbe kwenye simu: amepata kazi ya kuuza bima Kariakoo, kwa kamisheni, anaanza Jumatatu. Chini yake ameniuliza kama nina namba ya Mzee, anataka kujua zile kamera tano zilishashushwa, na kama kuna kitu ndani.

Namba nimempa. Mzee naye nimempigia. Kamera nne zimeshuka, moja tembo ameivunja. Kadi za kumbukumbu amezifunga kwenye mfuko wa nailoni, ameziweka ndani ya kopo la Kimbo juu ya dari, anasubiri mtu aje kuzichukua.